Donge la Gramu 113

Wasikilizaji, mbele yangu mezani pana vitu viwili, na kwa kuwa hamvioni itabidi nivieleze. Cha kwanza ni donge la risasi. Jirani yangu mvuvi aliyeyusha machubwi ya nyavu zake kuukuu akayamimina kwenye kalibu, donge likatoka mviringo safi. Ni kubwa kuliko komwe la bao na dogo kuliko yai la njiwa, lakini ukiliweka kiganjani mkono unashuka wenyewe. Nimelipeleka kwa sonara akalipima: gramu 113, uzito wa mayai mawili ya kuku. Kitu cha pili nimekifunga kwenye kitambaa. Hicho nitakifungua baadaye.

Nataka tuzungumze juu ya jambo nililoliishi kazini kwa miaka mingi nikiwa askari wa wanyamapori. Risasi ya bunduki ya kushindilia ikimwingia mnyama mkubwa, inafanya nini hasa humo ndani? Na mtu atalijuaje hilo kabla hajamlenga mnyama aliye hai?

Lugha yetu ina jambo zuri hapa. Risasi ni ile inayotoka bundukini, na risasi ni yale madini ya kijivu, mazito na laini, ambayo unaweza kuyakwaruza kwa ukucha. Jina ni moja kwa sababu kwa karne nyingi kitu kilikuwa kimoja. Leo risasi ya raifali imevishwa koti la shaba, na nyingine hazina madini ya risasi hata chembe, lakini gobore limebaki palepale. Unamimina baruti mdomoni mwa kasiba, unatia risasi juu yake, unaishindilia kwa mdeki mpaka ikae, unaweka fataki. Ukifyatua unapata mlio mmoja na wingu la moshi mweupe, na mpaka moshi utawanyike hujui kama mnyama ameanguka, amekimbia au amekugeukia. Kushindilia tena kunachukua nusu dakika au zaidi, na hiyo ni kwa mtu aliyezoea ambaye mikono haimtetemeki. Mwenye raifali ya kisasa akikosea, risasi ya pili iko tayari. Mwenye gobore ana moja, na kila kitu kinaitegemea hiyo.

Donge hili nimeliagiza kwa kipimo cha bunduki ya namba nne. Waingereza wa zamani hawakuwa na habari ya milimita. Walihesabu ratili moja ya risasi inatoa madonge mangapi yanayoenea sawasawa kwenye kasiba. Bunduki ya namba 12, ambayo bado imo mikononi mwa watu hapa nchini, ni madonge 12 kwa ratili. Namba nne ni manne tu.

Mwindaji mmoja aliyeitumia bunduki hiyo, Mwingereza Frederick Courteney Selous, alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, mwezi Septemba 1871, hajatimiza hata miaka 20, mfukoni ana pauni 400. Akapanda mpaka nchi ya Wandebele, kwa mfalme Lobengula, kutafuta pembe. Bunduki zake za tembo zilikuwa magobore ya namba nne yaliyotengenezwa na Hollis wa Birmingham, kasiba nyoofu bila mifereji ndani, bunduki ambazo kwao Uingereza zilikuwa za kuwindia mabata. Aliwinda kwa miguu, maana kwenye nchi ya mbung'o farasi hawaishi. Ubavuni alining'iniza mfuko wa ngozi wenye baruti, na kwenye kibweta akatia madonge 20 kama hili. Piga hesabu mwenyewe: kilo mbili na robo za risasi, bado bunduki yenyewe. Baruti aliichota kwa mkono, kama gramu 35 kila mara. Katika misimu mitatu, kuanzia 1872 hadi 1874, aliua tembo 78 kwa bunduki za aina hiyo.

Sisi huku jina lake tunalijua kwa sababu nyingine. Pori la Akiba la Selous lilipewa jina hilo mwaka 1922. Yeye mwenyewe aliuawa Beho Beho, kaskazini mwa Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Kaburi lake liko palepale, na tangu 2019 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nimesimama kwenye kaburi hilo zaidi ya mara moja. Tembo 78 ni wengi mno kwangu na siwezi kumsifu kwa hesabu hiyo. Ninachomshukuru ni kwamba aliandika. Aliandika pale bunduki ilipofaa na pale ilipomtesa. Alisimulia jinsi magobore yale yalivyopiga teke, na jinsi siku moja bunduki ilivyoshindiliwa mara mbili kwa makosa, akaifyatua, ikamnyanyua kutoka ardhini na kumtupa. Alikiri kwamba mateke yale yaliharibu mishipa yake ya fahamu na shabaha yake kwa miaka iliyofuata, na kwamba alitamani asingewahi kuzigusa bunduki hizo. Baadaye akahamia raifali nyembamba zaidi zenye risasi ndefu.

Kwa nini mtu aache donge la gramu 113 ashike risasi iliyo nyepesi mara kadhaa? Hapa ndipo penye utamu wa mambo, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo.

Chukua donge hili likitoka bundukini kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 9,000 na ushei. Chukua raifali ya .375, ambayo wawindaji wa nyati katika nchi yetu wanaifahamu vizuri: risasi ya gramu 19 na nusu, mwendo wa mita 770 kwa sekunde, nguvu ya jouli 5,700 na kitu. Kwenye karatasi, gobore limeshinda kwa mbali sana. Lakini mlete nyati, na risasi ngumu ya .375 itapita mahali ambapo donge limeshasimama.

Sababu yake mama mpishi anaijua. Kisu na mwiko vinaweza kusukumwa kwa nguvu ileile, lakini kinachozama kwenye nyama ni kisu. Kuna kipimo rahisi ambacho ningependa kila mwindaji akijue: gawanya uzito wa risasi kwa ukubwa wa uso wake unaokutana na mnyama. Donge hili lina upana wa karibu milimita 27, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya uso wake inasukumwa na gramu 20 za risasi nyuma yake. Ile ya .375 inasukumwa na gramu 27. Na donge la gobore la kawaida la Kimarekani la kaliba .50, lenye uzito wa gramu 11 na nusu, halifiki hata gramu 10.

Sasa tazama. Ukiacha umbo la mviringo, ukatengeneza risasi ndefu yenye ncha kwa ajili ya kasiba ileile ya .50, ukaipa gramu 25, unapata karibu gramu 20 kwa sentimita ya mraba. Ni sawa na hili donge kubwa la Selous, kwa uzito usiofika hata robo yake, na bega la mpigaji limesalimika. Umbo la mviringo lina kasoro ambayo haina dawa: ukitaka lisukume zaidi, lazima ulipanue, na ukilipanua mara mbili uzito unapanda mara nane. Ndiyo maana wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walijikuta wamebeba mizinga midogo. Njia nyingine ilifunguka pale Mfaransa Claude-Étienne Minié alipotoa risasi yake ndefu yenye shimo kitakoni mwaka 1849. Iliteremka kwa urahisi ndani ya kasiba, kisha moto wa baruti ukaitanua kitako ikaishika mifereji na kuzunguka. Kuzunguka huko ndiko kunakoifanya risasi ndefu iende ncha mbele. Tafadhali likumbukeni hilo, nitalirudia.

Wazee hawa walijaribuje risasi zao? Walizijaribu kwa mnyama mwenyewe. Mwindaji Mwingereza Samuel Baker alikaa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, miaka ya 1840 na 1850, akiwinda tembo wa huko, na alishajua kwamba risasi ya paji la uso, ikipigwa kwa karibu, inamwangusha tembo papo hapo. Mwaka 1861 akaja kwenye mito inayoteremka kutoka Uhabeshi kuingia Nile, kama Atbara. Akapiga tembo wa Kiafrika palepale kwenye paji la uso, na tembo hakuanguka. Alipochunguza mafuvu akaelewa. Kichwa cha tembo wetu kimejengwa vingine: ubongo umekaa chini zaidi, na njiani pana mizizi ya pembe na mfupa mnene wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Risasi iliyokuwa bingwa Ceylon haikuwa na kazi Atbara. Baker aliifanya risasi yake iwe ngumu kwa kuichanganya na zebaki ili isibapatike, na alikuwa na bunduki moja ya kutisha iliyotupa kombora la nusu ratili lenye kulipuka, wenyeji wakaiita kwa Kiarabu mtoto wa mzinga. Yeye mwenyewe aliiogopa.

Ninachokitoa kwa Baker ni hiki. Jaribio linajibu swali lile tu uliloliuliza. Ukijaribu kwa tembo wa Ceylon umejua habari za tembo wa Ceylon. Na kila tembo wa Atbara aliyeondoka na risasi kichwani alikuwa ndiye ukurasa wa daftari la jaribio, bila kuulizwa.

Leo kuna njia nyingine. Marekani ndiyo nchi ambako uwindaji wa gobore umebaki hai kuliko kwingine, kwa sababu majimbo mengi hutenga msimu wake maalumu. Huko wanawinda kulungu, dubu, na wapiti, ambaye dume lake hupita kilo 300. Mwaka 1985 fundi wa Missouri, Tony Knight, alitoa gobore la MK-85 lenye fataki iliyonyooka nyuma ya baruti, na tangu hapo gobore likaanza kufanana na raifali ya kisasa. Wakaleta vikombe vya plastiki vinavyoivisha risasi ndogo ya bastola ili ienee kwenye kasiba pana. Hapo ndipo somo likajirudia. Risasi ya bastola imetengenezwa ifunguke kwa mwendo wa bastola. Ukiisukuma kwa baruti nyingi kwenye kasiba ndefu, inafika kwa kasi ambayo haikuandaliwa kwayo, inakutana na bega, inafumuka kama karanga chini ya mchi: koti huku, kiini kule, na jeraha pana lisilo na kina. Wawindaji wengi waliligundua hilo porini, jioni, wakifuata damu iliyokatika. Baadhi ya majimbo, kama Colorado, hayaruhusu vikombe hivyo katika msimu wa magobore, na kwa wapiti yanataka kaliba isiyopungua .50.

Jaribio la mezani huanza na jelatini. Ni ileile ya kupikia vitu vitamu, ila hii imekorogwa kwa asilimia 10 na kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4. Kipimo hicho alikisimamisha daktari wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, miaka ya 1980, baada ya kulinganisha na nyama halisi ya nguruwe. Kabla ya kupiga risasi yenyewe unapiga kigololi cha chuma cha bunduki ya upepo, kwa mwendo wa mita 180 kwa sekunde. Kikizama kama sentimita nane na nusu, jelatini iko sawa. Kikizama zaidi au pungufu, unamwaga, unaanza upya. Napenda sana hatua hiyo. Mtu anaipima mizani kabla ya kupima nyama.

Kisha unapiga. Ndani ya donge lile angavu unaona njia yote ya risasi: ilipoingia, ilipoanza kupanuka, ilipogeuka, iliposimama. Unaitoa, unaipima tena. Iliingia na gramu 25, imebaki na ngapi? Ilikuwa na upana wa milimita 12 na nusu, sasa ina ngapi? Risasi laini inayofunguka kama uyoga mpaka milimita 18 imekuwa na uso mara mbili ya ule wa mwanzo, na kwa hiyo kile kipimo changu cha gramu kwa sentimita kimeshuka nusu. Imechimba tundu pana, lakini safari yake imefupika. Kila risasi ya kuwindia ni mapatano kati ya upana na kina, na mtengenezaji anayekuahidi vyote viwili kwa ukamilifu anakuuzia maneno.

Wasio na jelatini hutumia magazeti yaliyolowekwa usiku kucha au madumu ya maji yaliyopangwa mstari. Siyadharau hata kidogo. Mtu aliyepiga risasi tano kwenye magazeti yaliyolowa anajua zaidi ya mtu aliyesoma kibandiko cha boksi. Ila lazima ajaribu kwa umbali ule atakaowinda. Donge la mviringo linachoka hewani upesi sana. Lile la kaliba .50 hupoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake ndani ya mita 100, na nguvu hushuka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo risasi iliyofunguka vizuri mita 20 inaweza kupita kama msumari mita 100, bila kufunguka kabisa. Wapo wanaokwepa kutembea: wanaweka shabaha karibu na kupunguza baruti ili kuigiza mwendo wa mbali. Ni ujanja wenye kasoro, kwa sababu ukipunguza baruti unapunguza na kuzunguka, wakati risasi iliyosafiri mita 100 kwa kweli mwendo wake umeshuka lakini mzunguko wake bado karibu ni uleule. Nenda huko mbali ukaweke shabaha.

Na jelatini haina mfupa. Haina ngozi ya shingo ya pofu, haina tope lililokaukia kwenye manyoya ya nguruwe pori, haina tumbo lililojaa majani mabichi ambalo huinyonya risasi kuliko nyama yoyote. Wajaribu makini huweka bega la ng'ombe kutoka buchani mbele ya donge la jelatini, na matokeo mara nyingi hubadilika mpaka unadhani ni risasi nyingine. Binafsi siliamini jaribio lolote la risasi ya mnyama mkubwa lisilo na mfupa. Polisi wa upelelezi wa Marekani wanataka risasi yao izame sentimita 30 hivi kwenye jelatini, na hicho ni kipimo cha mwili wa binadamu. Kifua cha pofu dume, mnyama anayeweza kufika kilo 900, ukimpiga kwa pembeni kidogo, kinataka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kuna waliotaka kumaliza ubishi kwa wanyama hai. Mwaka 1904, kwenye machinjio ya Chicago, Kapteni John Thompson na Meja Louis LaGarde wa jeshi la Marekani walipiga ng'ombe waliokuwa wa kuchinjwa kwa risasi za bastola za aina mbalimbali, wakahesabu muda na idadi ya risasi mpaka mnyama aanguke. Walipiga na maiti pia. Kutoka hapo wakapendekeza kaliba isiyopungua .45, na jeshi likafuata. Nikisoma jinsi ng'ombe wale walivyosimama wakipigwa mapafuni mara kwa mara, nasema jaribio lile lisirudiwe popote. Tena majibu yake hayakuwa thabiti, kwa sababu ng'ombe wawili hawafanani na risasi mbili hazipiti njia moja.

Pana jaribio moja tu juu ya mnyama ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, nalo ni la baada ya kifo. Mnyama aliyewindwa kihalali ameshaanguka, anachunwa. Fungua njia ya risasi kwa kisu, taratibu. Iliingia wapi, ilivunja nini, ilitoka au ilisimama chini ya ngozi ya upande wa pili? Itoe, ioshe, ipime, andika umbali na jinsi mnyama alivyosimama. Wawindaji hubishana sana kama ni heri risasi ibaki ndani, itoe nguvu yake yote humo, au ipenye na kutokea. Mimi nataka ipenye. Mwenye gobore haoni kitu kwa moshi na hana risasi ya pili, kinachobaki ni kufuata damu, na tundu la kutokea, lililo chini zaidi, ndilo linaloacha damu ya kufuatwa. Nimefuata wanyama wenye tundu moja la juu kwenye mbavu. Damu inajaa ndani, ardhini hakuna kitu, unaona nyasi zilizolala na basi.

Kuna jingine ambalo kisu hakilioni. Risasi laini inaacha vumbi lake kwenye nyama, mbali kidogo na tundu, na picha za eksirei zimeonyesha chembe hizo waziwazi. Ndege walao mizoga huzimeza. Kondori wa California waliuawa na sumu hiyo kwa wingi, mpaka jimbo lile likapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Donge la gobore linakwenda polepole na halisambaratiki kama risasi ya raifali ya kasi, lakini sumu ni ileile, na sisi tuna tumbusi wanaoshuka kwenye kila mzoga. Risasi ya shaba tupu inaondoa tatizo hilo, ila ni nyepesi kwa urefu wake na inataka mwendo ili ifunguke, kwa hiyo nayo inahitaji kujaribiwa upya tangu mwanzo.

Sasa turudi nyumbani.

Gobore lilifika huku kwa wingi kupitia pwani, misafara ya pembe ikalipeleka mpaka Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia raifali na silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Mababu zetu walibakishiwa kasiba nyoofu kwa makusudi. Wahunzi wetu wakajifunza kuzitengeneza, na ufundi huo bado upo. Nimeshika magobore yaliyochongwa kwa bomba la maji na kitako cha mninga, kazi ya mkono hodari kabisa. Mengi hayana kibali. Sheria ni sheria, na mtu mwenye gobore la siri ningemwambia alisalimishe polisi. Lakini usiku wa leo nataka kusema juu ya kile kinachotiwa ndani yake, ambacho hakikujaribiwa na mtu yeyote kwa kitu chochote: goroli za beringi, vichwa vya misumari, vipande vya nondo. Mnyama ndiye wa kwanza kujua kama vinafanya kazi.

Ombi langu kwa ndugu zangu walio kazini sasa ni dogo. Kila mnyama anayeokotwa amekufa, na kila tembo au kiboko anayeuawa kwa amri ya serikali kwa sababu ya mashamba, afunguliwe kwenye jeraha, na kilichomo kitolewe, kipimwe, kiandikwe. Daftari moja kwa kila kituo linatosha. Katika miaka michache tungekuwa na maarifa ambayo Baker na Selous waliyapata kwa mamia ya wanyama waliojeruhiwa, nasi tungeyapata bila kumpiga hata mmoja zaidi.

Nafungua kitambaa. Ni kipande cha nondo ya milimita 12, kimekatwa kwa msumeno, urefu wa sentimita tatu na nusu. Sonara amekipima: gramu 31. Ukikipigia ile hesabu yangu kikiwa kimetangulia kwa kichwa, kinapata gramu 27 kwa sentimita ya mraba, sawa kabisa na risasi ya .375. Mtu aliyekikata alikuwa na hoja, huenda bila kujua. Lakini kasiba yake haikuwa na mifereji. Hakuna kilichokizungusha. Kiligeuka hewani kikafika kwa ubavu, na kwa ubavu hesabu inaanguka mpaka gramu saba na kidogo, chini hata ya lile donge la Kimarekani la kaliba .50.

Walituita wanakijiji. Pofu dume alikuwa amelala kando ya kijito, mguu wa mbele wa kushoto haukanyagi, mbavu zinahesabika. Tulimmaliza. Nikalifungua bega mwenyewe. Chuma kilikuwa kimelala ubavu juu ya mfupa mpana wa bega, hakikuuvunja wala hakikuupita, na mfupa ulikuwa umeshaanza kuota ukingo kukizunguka. Ilinibidi nikibandue kwa ncha ya kisu. Nakiweka mezani sasa, karibu na donge. Pengine mmesikia mlio wake.